Kuiongezea Kompyuta ya Zamani Milango ya USB Yenye Kasi



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi wetu wapendwa, katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidhani ni la mafundi peke yao: namna ya kuiongezea kompyuta ya mezani ya zamani milango ya USB yenye kasi zaidi. Tumelichagua kwa sababu lilitufika wenyewe hapa madrasa, na kutolijua kwetu kulitugharimu. Tunajua pia kuwa katika nyumba nyingi zimo kompyuta kama yetu, zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha tumika, na ndani yake mna picha za harusi, sauti za wazee na hati za familia ambazo hazina nakala mahali pengine.

Yaliyotufika

Kompyuta ya ofisi yetu ilitengenezwa mwaka 2010. Sisi tuliinunua ikiwa imetumika, na imetufaa sana. Humo tuliweka daftari la wanafunzi, mitihani, video za mahafali na, lililo kubwa zaidi, darsa 40 za marehemu ustadh wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Darsa hizo zilikuwa katika kanda za kaseti. Tulizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya moja, na kanda zenyewe baadaye ziliharibika kwa unyevu.

Diski ya nje ya kuwekea nakala tulikuwa nayo kabatini. Hatukuitumia kwa sababu kunakili kila kitu kulichukua zaidi ya saa mbili, na kila wiki tulisema tutafanya wiki ijayo. Siku moja mwaka 2023 diski ya ndani ya kompyuta ikaanza kutoa sauti ya kugonga. Usiku ule, baada ya swala ya ishaa, tuliichomeka diski ya nje na kuanza kunakili. Mali yote ilikuwa gigabaiti 240. Kompyuta ilianza na video za mahafali, na folda ya sauti ikawa ya mwisho. Ilipopita saa mbili na dakika chache umeme ukakatika. Uliporudi, diski ya ndani haikusoma tena.

Darsa 26 zilikuwa zimekwisha vuka. Darsa 14 zilipotea, na zilikuwa zimebaki dakika zisizofika kumi kazi iishe.

Tulipokaa kutafakari tukaona makosa mawili. La kwanza ni letu la mpangilio: darsa zote 40 zilikuwa gigabaiti 40 tu, na lau tungeanza nazo zingevuka zote kwa dakika 22 au 23. La pili ni la mlango: kompyuta yetu ilikuwa na milango ya USB ya zamani, nayo ndiyo iliyoifanya kazi ya dakika 50 kuwa ya saa mbili na robo. Hesabu yake tutaionyesha hapa chini.

Mlango wa USB na vizazi vyake

USB ni utaratibu mmoja wa kuunganisha vifaa vingi na kompyuta. Kabla yake, kibodi ilikuwa na tundu lake, mausi tundu lake na printa tundu lake. Kampuni kadhaa zilikubaliana kutengeneza mlango mmoja kwa vifaa vyote, na miongoni mwa wahandisi waliouongoza mradi huo alikuwemo Ajay Bhatt wa kampuni ya Intel, mzaliwa wa India. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1996. Vizazi vinavyotuhusu ni hivi:

USB 1.1, ya mwaka 1998, yenye kasi ya juu ya megabiti 12 kwa sekunde.

USB 2.0, ya mwaka 2000, megabiti 480 kwa sekunde.

USB 3.0, ya mwaka 2008, gigabiti 5 kwa sekunde, yaani megabiti 5,000.

Hapa wanafunzi wetu wawe makini na maneno mawili yanayofanana. Biti nane hufanya baiti moja. Kwenye maboksi ya vifaa kasi huandikwa kwa biti, lakini ukubwa wa faili kwenye kompyuta huonyeshwa kwa baiti. Kwa hiyo megabiti 480 ukizigawa kwa nane ni megabaiti 60 tu. Na hizo 60 nazo hazifikiwi, kwani sehemu ya njia huchukuliwa na mawasiliano ya kompyuta na kifaa chenyewe. Kwa kawaida USB 2.0 hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde.

Sasa tupige hesabu ya usiku ule. Gigabaiti 240 ni megabaiti 240,000. Ukigawa kwa 30 unapata sekunde 8,000, yaani saa mbili na dakika 13. Diski yenyewe ilikuwa na uwezo wa kutoa megabaiti 80 kwa sekunde. Ukigawa 240,000 kwa 80 unapata sekunde 3,000, nazo ni dakika 50. Umeme ulipokatika tungekuwa tumekwisha funga ofisi na kwenda nyumbani.

Utajuaje mlango wako ni wa kizazi gani? Tazama ndani ya tundu. Milango mingi ya USB 3.0 ina kipande cha plastiki cha rangi ya buluu, na pengine pembeni pameandikwa herufi SS. Ndani yake mna pini tisa, ilhali USB 2.0 ina pini nne. Rangi si sheria, kwani wapo watengenezaji wasioifuata, lakini hesabu ya pini haidanganyi. Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2012 hazina milango hii.

Jambo jingine la kutahadhari ni majina. Kizazi hiki cha gigabiti 5 kilibadilishwa jina mara mbili. Ukiona kadi imeandikwa USB 3.0, nyingine USB 3.1 Gen 1 na nyingine USB 3.2 Gen 1, zote kasi yake ni moja. Usilipe zaidi kwa ajili ya jina.

Penye wembamba ndipo penye hukumu

Fikirini tangi la maji juu ya paa. Maji yanashuka kwa bomba nene, kisha yanapita kwenye mpira mwembamba, kisha yanaingia ndooni. Ndoo itajaa kwa kasi ya mpira ule mwembamba, hata bomba likiwa nene namna gani. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Faili hutoka diski ya ndani, hupita kwenye ubao mkuu, hupita mlango wa USB, hupita kwenye waya, ndipo huingia diski ya nje. Sehemu moja ikiwa nyembamba, safari nzima huenda kwa mwendo wake.

Kwa mfano huu mtaelewa kwa nini wapo watu hununua kifaa cha kugawa milango, kile chenye matundu manne ya buluu, wakakichomeka kwenye mlango wa USB 2.0, kisha wakashangaa kuwa kasi ni ile ile. Kifaa hicho huongeza idadi ya matundu, hakiongezi upana wa njia. Vile vile flashi ya bei rahisi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde haitabadilika hata ukiichomeka kwenye mlango wa kasi, kwani wembamba umo ndani ya flashi yenyewe.

Dawa ni kadi. Kadi ya USB 3.0 huchomekwa ndani ya kompyuta, kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, na milango yake hutokeza nyuma ya kompyuta. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta nyingine.

Mambo matano ya kuangalia kabla ya kununua

Sisi tulinunua kadi ya kwanza bila hata kufungua kava. Muuzaji alituambia kadi zote ni sawa. Tulipofika ofisini kipande chake cha bati kilikuwa kirefu kuliko kompyuta yetu, tukarudi dukani. Ili yasikupate hayo, fungua kava kwanza na uangalie haya:

Kwanza, tundu la kadi. Kompyuta za zamani zina matundu marefu ya namna mbili. PCI ni ya tangu mwaka 1992, na aghalabu huwa jeupe. PCI Express ilikuja mwaka 2003, na tundu lake dogo kabisa, liitwalo x1, ni fupi kama pingili ya kidole. Kadi ya USB 3.0 huhitaji PCI Express. Kadi ya x1 huweza pia kuingia kwenye matundu marefu zaidi ya PCI Express, kama x4 na x16, ikiwa hayatumiki. Kwenye PCI Express ya kizazi cha kwanza njia moja hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde, na ya kizazi cha pili megabaiti 500. Hata hiyo ya kwanza inatosha kabisa kwa diski ya kawaida ya kuzunguka. PCI ile kongwe hupitisha megabaiti 133 kwa sekunde, na vifaa vyote vilivyomo hugawana. Kompyuta yenye PCI peke yake ni bora uiache kama ilivyo.

Pili, urefu wa kipande cha bati. Kompyuta nene hutumia bati refu, na kompyuta nyembamba hutumia bati fupi. Kadi nyingine huja na mabati yote mawili ndani ya boksi, nawe hubadilisha kwa bisibisi. Tafuta ya namna hiyo.

Tatu, umeme. Mlango wa USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na wa USB 3.0 hadi miliampea 900, kwa volti 5. Milango minne ya kasi ikitumika pamoja huweza kuhitaji wati 18. Kwa sababu hiyo kadi nyingi zina tundu la kuchomekea waya wa umeme utokao moja kwa moja kwenye pawa saplai ya kompyuta. Waya huo huwa na plagi bapa ya SATA au ile ya zamani yenye pini nne nene. Angalia ipi imebaki wazi ndani ya kompyuta yako, kisha ununue kadi inayolingana nayo. Ukiacha kuuchomeka, diski ya nje huweza kuwaka na kuzimika, na faili kuharibika.

Nne, programu. Linux ilianza kuitambua USB 3.0 mwaka 2009, na Windows ilianza kuitambua yenyewe kuanzia Windows 8, mwaka 2012. Windows 7 huhitaji draiva ya mtengenezaji wa kadi, kwa hiyo kama bado unayo, hakikisha draiva inapatikana kabla hujalipa. Kompyuta yetu sasa inatumia Linux, kwa kuwa masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 2025.

Tano, waya wa diski. Diski nyingi za nje za USB 3.0 hutumia waya wenye kichwa kipana kilichogawika mara mbili. Kichwa chembamba cha zamani nacho huingia kwenye tundu lile lile na diski hufanya kazi, lakini kwa kasi ya USB 2.0. Wengi hupoteza faida ya kadi yao kwa waya mmoja tu.

Namna ya kuifunga

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Wanafunzi wadogo wasiifanye bila mkubwa kuwepo.

1. Kabla ya yote nakili faili zako muhimu, hata kama ni kwa mlango wa polepole.

2. Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe.

3. Fungua kava. Gusa bati tupu la kompyuta kabla ya kugusa kitu kingine, kwani mwili wa binadamu hubeba umeme mdogo tusiouhisi, nao huweza kuua kadi. Fanya kazi juu ya meza, mbali na zulia.

4. Ondoa kibati kinachoziba nafasi ya nyuma mbele ya tundu ulilochagua. Tunza skrubu yake.

5. Shika kadi kwa kingo zake, usiguse pini za dhahabu. Iweke wima juu ya tundu na uikandamize kwa usawa mpaka ikae. Ikikataa, usitumie nguvu. Itoe, angalia ilivyokaa, kisha ujaribu tena.

6. Kaza skrubu. Bila skrubu kadi hulegea kila unapochomoa waya.

7. Chomeka waya wa umeme wa kadi, hakikisha hakuna waya unaogusa feni, funga kava, washa.

Kompyuta ikiwaka, nakili faili moja kubwa na uangalie kasi inayoonyeshwa. Sisi tuliona megabaiti 80 kwa sekunde mahali palipokuwa 30. Kasi ikibaki 30, angalia waya wa diski kwanza, kisha draiva.

Yapo mambo madogo ya kujua. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuwashwa kwa flashi iliyo kwenye kadi ya kuongeza, kwa sababu BIOS yake haiitambui kadi hiyo. Ukitaka kusimika mfumo mpya, tumia milango ya zamani. Kibodi na mausi nazo ziache huko, hazihitaji kasi. Na kama mausi yako ni ya bila waya, kile kipokezi chake kidogo usikiweke karibu na kifaa cha USB 3.0 kinachofanya kazi. Vifaa hivyo hutoa mawimbi yanayoingilia masafa ya gigahezi 2.4, na mausi huanza kurukaruka.

Nani asijisumbue

Si kila mtu anahitaji kadi hii. Mwenye kutumia kompyuta kwa kuandika barua na kuchapa haitamfaa kitu. Mwenye kompyuta ya mkononi hawezi kuifunga, kwa kuwa ndani hamna tundu la aina hii. Na ambaye hana diski ya nje kabisa, fedha yake ya kwanza inunue diski. Nakala ya polepole ni bora kuliko mlango wa kasi usio na cha kupitisha.

Tuliyoyaweka kuwa desturi

Baada ya mkasa ule tulibadilisha diski ya ndani, tukafunga kadi, na tukajiwekea utaratibu. Kila Alhamisi baada ya alasiri mmoja wetu hunakili. Huanza na vitu ambavyo vikipotea havipatikani tena, yaani sauti za marehemu ustadh na daftari la wanafunzi, na video za mahafali huja mwisho. Tunazo diski mbili zinazopishana, na moja hukaa nyumbani kwa mwalimu, si ofisini. Kabla ya kuchomoa tunaiamuru kompyuta iiachilie diski, kisha tunafungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala na kuzisikiliza.

Ndugu wasomaji, kadi haikuturudishia zile darsa 14. Faida yake kwetu ni kwamba imetuondolea udhuru. Kazi ya dakika 50 huanza tunapoondoka ofisini kwenda kuwasikiliza watoto, na tukirudi imekwisha. Zamani tulikuwa tunaiogopa, na kwa kuiogopa tuliiahirisha mpaka ikawa ni kuchelewa. Yaliyoachwa na wakubwa wetu ni amana mikononi mwetu, na anayepewa amana huangalia mlango wake kabla mwizi hajafika.

Tunawaomba wanafunzi wetu wakubwa wafungue kompyuta za nyumbani kwao wakiwa pamoja na wazazi, wahesabu pini, na watuletee majibu ya maswali haya:

1. Kompyuta ya nyumbani kwenu ina milango mingapi ya USB 2.0, na mingapi ya USB 3.0?

2. Familia ina gigabaiti 60 za picha. Zitachukua muda gani kunakiliwa kwa megabaiti 30 kwa sekunde, na muda gani kwa megabaiti 80?

3. Taja kitu kimoja kilichomo ndani ya kompyuta yenu ambacho kikipotea leo hakitapatikana tena. Je, kina nakala?

Swali la tatu lijibiwe kwanza.

Wabillahi tawfiq.